Runinga ya Mama Deikea

Jumatatu, 29 Julai 2024. Kitale

Olimpiki imenijaza kazi. Runinga zilizokuwa zimelala uvunguni tangu Kombe la Dunia la Qatar zimefufuliwa zote wiki moja, na kila mwenyewe anaitaka yake kabla Wakenya hawajaanza kukimbia. Nimeandika foleni kwa chaki nyuma ya mlango: mwenyewe, ugonjwa, malipo ya kwanza.

Saa tano hivi bodaboda kanishushia inchi 32 iliyofungwa kwa leso. Leso niliitambua kabla ya runinga. Ndiyo wanayotandikiwa watoto pale deikea ya mtaani kwetu Tuwan, anakoshinda binti yangu Kadogo. Muda si muda simu ikalia, ni Mama Deikea mwenyewe. "Baba Kadogo, sauti iko, picha hakuna. Nihurumie uitengeneze haraka, watoto wananimaliza."

Sauti iko, picha hakuna: karibu kila mara hiyo ni bakilaiti. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu, nikaona vikatuni vinacheza gizani. Picha ipo, taa za nyuma ndizo zimekufa. Za modeli hiyo sikuzipata hapa mjini. Mwenzangu wa Eldoret ameahidi kuzituma kwa matatu wiki ijayo. Nilipomweleza Mama Deikea, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama sina kakioo kokote ka kumwazima. Nikasema sina. Ninako, lakini kale ni ka dukani, na wiki hii ndiko kanakonivutia wateja.

Jumatano, 31 Julai

Nimemfuata Kadogo mapema kwa sababu wingu lilikuwa limeshajifunga upande wa Mlima Elgon. Chumba ni kile cha futi kumi kwa kumi, kuta za mabati, na kibaraza ambacho nusu yake ni jiko la makaa na mitungi ya maji. Leo walikuwa kumi na saba. Mdogo kabisa ana miezi mitano, mkubwa mwakani anaingia chekechea, PP1. Mama Deikea alikuwa na mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na wa tatu anamzuia kwa mguu asifikie sufuria ya uji. Sauti imemkauka.

Nilikuwa nikidhani runinga ikitoka watoto watacheza. Ndivyo anavyodhani kila mtu ambaye hajashinda humo ndani. Wakubwa walikuwa wanapigania gari la plastiki lisilo na magurudumu, wadogo wanalia kwa zamu, na mvulana mmoja wa miaka miwili hivi alikuwa amesimama na rimoti anaubonyezea ukuta. Vitu vya kuchezea vyenyewe vinahesabika. Kwa muda mrefu havikuhitajika, na kisichohitajika nani atakinunua?

"Umeona sasa?" akaniambia. "Watu wanasema nawawekea katuni kwa uvivu. Ile ndiyo dada wa kazi. Haili, haiombi ruhusa, haiugui."

"Si imeugua."

Alicheka mpaka aliyekuwa mgongoni akaamka.

Jumamosi, 3 Agosti

Shule zimefunga, na deikea imebadilika kwa siku moja. Jumamosi hufungua kwa ajili ya akina mama wa sokoni, na leo wadogo wamekuja na dada zao wa gredi ya nne na ya tano kwa kuwa nyumbani hakuna mtu. Wasichana watatu. Nilipofika, mmoja alikuwa mwalimu na kijiti chake, wadogo wamepangwa mstari mmoja kibarazani, wanaitwa majina, wanaamka, wanakaa. Mwingine alikuwa akimlisha uji yule wa miezi mitano huku akimwimbia maneno anayoyatunga papo hapo, mengi yakiwa matusi madogo madogo kuhusu kutema uji. Mama Deikea alikuwa ameketi, anachagua maharagwe. Sijawahi kumwona ameketi.

Usiku Kadogo amenikazia kidole: "Kaa! Kaa!" Nikakaa. Akaniamsha. Akanikalisha tena. Nusu saa nzima.

Lakini wale wasichana nao ni watoto waliofunga shule, na hakuna anayewalipa. Nimewanunulia mandazi.

Jumapili, 4 Agosti

Simu ya mamake Kadogo, ya picha, kama kila usiku bando ikiruhusu. Yeye ni muuguzi Bungoma, amepanga chumba Kanduyi, na zamu za usiku hazimwachii nafasi ya kukaa na mtoto. Ndiyo maana Kadogo yuko na mimi. Kitale watu wamezoea sasa kuniona asubuhi nimembeba mgongoni kwa leso. Mwanzoni makondakta walikuwa wakinipigia mbinja.

Nikamweleza kisa cha runinga. Yeye kwake hakuna mjadala. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano: ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa, mwenye mwaka mmoja haishauriwi, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. "Wako ana miezi ishirini," akasema. "Hesabu yake ni sifuri."

Nikamwambia basi tuanze kwa kukata simu hii.

Alinitazama vile anavyomtazama mgonjwa anayebisha. Wakati huo Kadogo alikuwa anamwonyesha kiatu kimoja. Mamake akamuuliza, "Cha pili kiko wapi?" Akaenda kukitafuta, akarudi na ndala yangu, mamake akacheka, naye akacheka kwa sababu mamake amecheka.

Baadaye amenitumia vitu vya kusoma, na nimesoma mpaka sasa hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza mwaka 1999 kushauri wazazi wasiwawekee runinga walio chini ya miaka miwili. Mwaka 2016 walipolegeza, kitu walichoruhusu hata kwa mtoto wa chini ya miezi kumi na minane ni simu ya picha na jamaa zake. Na si kwa huruma tu. Kuna watafiti waliowafundisha watoto wa miaka miwili na kitu majina ya vitendo ambayo hawajawahi kuyasikia, na matokeo wakayachapisha mwaka 2014. Waliofundishwa na mtu aliye mbele yao waliyashika, waliofundishwa kwa simu ya picha pia waliyashika, ila waliowekewa video iliyorekodiwa hawakupata kitu. Na kabla ya hapo, mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle waliwakutanisha watoto wa miezi tisa, wa nyumba za Kiingereza, na mtu anayewasomea na kucheza nao kwa Kichina. Baada ya vikao kumi na viwili masikio yao yalikuwa yanatofautisha sauti za Kichina. Wenzao walioonyeshwa mtu yuleyule kwenye runinga walitoka kama walivyoingia.

Mimi nina ushahidi wangu wa karakana. Kwenye katuni za flashi ninazowajazia wateja kuna mhusika anayeuliza swali, anangoja kidogo huku anapepesa macho, kisha anasema "Vizuri sana!" Anampongeza aliyejibu, anampongeza aliyelala, anampongeza anayekula kandambili. Mamake aliona kwamba kile ni ndala.

Jumanne, 6 Agosti

Taa zimefika. Kufungua kioo cha inchi 32 ni kazi ya kushika pumzi, kwa maana kioo chenyewe ni chembamba na nyuma yake kuna karatasi tatu za kusambaza mwanga ambazo ukigeuza moja umeharibu picha. Nimebadilisha milia yote ya taa, hata iliyokuwa bado inawaka, nikashusha mwanga hadi sitini. Runinga zinapotoka kiwandani mwanga huwa umesukumwa mpaka mwisho ili zing'ae dukani, na hapo ndipo taa zinapoungulia.

Kabla ya kufunga nikaingia kwenye menyu ya mafundi, ile isiyoonekana kwa mwenye runinga, ambayo hutunza saa ambazo kioo kimewaka tangu kitoke kiwandani. Saa 4,312. Aliinunua mpya Februari mwaka jana. Ukitoa Jumapili, ni kama saa tisa na nusu kila siku ya kazi. Kwa kipimo cha lile Shirika, saa moja kwa mtoto wa miaka mitatu, runinga hii ingehitaji karibu miaka kumi na minne kufika hapo.

Haki yake nayo isemwe. Mita inahesabu taa, haihesabu macho. Nimekaa pale mara nyingi nikaona watoto wameipa kisogo, wamelala, wanavuta nywele za wenzao. Lakini ikiwaka hainyamazi, na chumba ni kimoja. Mtu mzima aliyezungukwa na kelele hiyo huacha kuongea, anabaki na "njoo", "acha", "shuka". Mama Deikea ni mtu wa maneno mengi akiwa sokoni.

Flashi yake naijua maana nilimjazia mwenyewe, GB 16, shilingi 400, kazi yangu ya kila siku. Mna nyimbo za watoto za Kiingereza cha Marekani, picha inaruka kila sekunde mbili. Mna filamu mbili za Kihindi zilizotafsiriwa na dijei, ambazo nadhani ni za mwenye deikea na wala simlaumu. Na mna vipindi vya Akili. Hivi vya Akili nitavitetea mbele ya yeyote. Vimetengenezwa na Ubongo, watu wa Dar es Salaam walioanza mwaka 2013, na huyo Akili ni msichana anayeishi chini ya Kilimanjaro, akilala anasafiri kwenye ndoto yake kukutana na wanyama rafiki zake. Hapa Kenya tumepata hata stesheni nzima ya watoto ya bure, Akili Kids!, tangu Machi 2020, na kila runinga inayopita mikononi mwangu naitega hiyo kabla ya kuirudisha. Kule Morogoro watafiti waliwapima watoto wa chekechea waliotazama Akili, wakakuta wamewapita wenzao katika kuhesabu na mambo mengine. Hao walikuwa na miaka kama minne na mitano. Akili mwenyewe ana minne. Wengi wa wale kumi na saba bado wanavaa nepi.

Malipo ni 2,500, Mama Deikea ana 800. Desturi ya karakana ni kwamba chombo kinakaa mpaka deni liishe, na mamake Kadogo, nilipomwambia, alisema kwa mara ya kwanza maishani anaipenda desturi hiyo. Nimeipeleka jioni. Akipata atalipa. Sitageuza deni la 1,700 kuwa sera ya malezi ya mtaa.

Jumamosi, 10 Agosti

Karakana ilijaa mpaka barabarani. Emmanuel Wanyonyi, kijana wetu wa Trans-Nzoia aliyechunga ng'ombe utotoni, ametwaa dhahabu ya mita 800 kwa 1:41.19, Arop wa Kanada nyuma yake kwa 1:41.20. Ametimiza miaka ishirini juzi tu. Watu wasiojuana wamekumbatiana. Kisha Faith Kipyegon, 1500, mara ya tatu mfululizo, na hapo majirani wakatoka na sufuria.

Kadogo alikuwa mabegani kwangu. Kioo hakukiangalia hata kidogo. Aliangalia midomo ya watu, wakipiga kelele anapiga kelele, wakinyamaza anangoja.

Jumatano, 14 Agosti. Njiani

Tunashuka Bungoma, mtoto wa kaka yangu anatahiriwa. Matatu ya Kimilili na Chwele. Kamukuywa ameingia mama na mtoto anayelia kwa hasira ya usingizi, akampa simu, kimya. Hakuna aliyeguna. Watu kumi na wanne kwenye gari la joto, na dereva ana redio yake. Mimi pia ningempa. Anayehubiri juu ya simu za watoto ajaribu kwanza barabara hii mchana wa Agosti.

Ijumaa, 16 Agosti. Karibu na Chwele, Bungoma

Mwaka wa hesabu shufwa, Agosti, na Bungoma nzima inalia chinyimba, kengele za tohara. Kijana wetu alianza kuzunguka na kengele zake mapema wiki hii kuwaalika jamaa, jana akaenda kwa khocha, mjomba wake, akarudi amevishwa nyama shingoni, na usiku kucha hakuna aliyelala. Alfajiri wakampeleka mtoni, wakampaka tope, wakarudi naye wakiimba Sioyaye. Amesimama uani kwa babake kama mti. Hakupepesa.

Nataka kuandika juu ya wadogo, maana hao ndio niliokuwa nikiwatazama. Hapakuwa na mtu aliyewawekea kitu cha kuwatuliza, wala aliyewafundisha. Walikuwa miguuni pa watu, wanasukumwa, wanabebwa na yeyote aliye karibu, wanapewa kipande cha nyama, wanafukuzwa. Kufikia jana saa kumi Kadogo alikuwa amepata vifuniko viwili vya chupa na anavigonga kwa mdundo ambao si wa kubahatisha. Senge, shangazi yake, akampigia makofi kwa mdundo uleule, akampunguzia mwendo, akauongeza, na Kadogo akamfuata. Baadaye kidogo senge akakosea kwa makusudi. Kadogo akaacha kugonga akamkazia macho.

Na simu zilikuwepo, tele. Kijana aliporudi kutoka mtoni sikuuona uso wake kwa macho yangu, niliuona kwenye vioo vya watu walioinua mikono mbele yangu. Leo mchana binamu zake walikuwa wanairudia video ile chini ya mwembe, na Kadogo katikati yao. "Kukhu!" anapiga kelele akimwona bibi yake kwenye kioo, kisha anageuka kumwangalia Kukhu aliyeketi mlangoni. Anarudi kwenye kioo. Wenzake wanamuuliza, na huyu nani? Anasema. Sijui mwongozo wa 2019 ungeiweka wapi dakika ile. Umri wake unasema sifuri, na mimi nisingempokonya.

Jumapili, 18 Agosti. Bungoma

Mamake alipata siku mbili za mapumziko. Tumekaa na Kukhu jioni, na yeye mamake ndiye aliyeleta shauri: kwa nini Kadogo asibaki hapa mashambani, kuna hewa, kuna kuku, hakuna runinga ya saa tisa. Nilikuwa nalitarajia tangu Jumatano.

Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si mkwe wake.

"Papa, hapa nina wajukuu sita. Nikienda kupalilia, unajua wanakaa na nani? Na simu ya senge yao. Ikiisha moto ndipo wanakuja kunitafuta shambani."

Mamake Kadogo akasema zamani haikuwa hivyo, na Kukhu akakubali, lakini akamweleza zamani yenyewe. Alipokuwa akimlea kaka yangu mkubwa, mtoto alibebwa na msichana wa miaka saba au minane, binti wa ndugu, ambaye hakuwa akienda shule. Kila boma lilikuwa na mmoja kama huyo. "Siku hizi wote wako darasani. Hata mimi nisingekubali mjukuu wangu akose shule amshike mtoto wa mtu. Lakini mikono ile ilipoondoka, nani aliletwa?"

Nimekuwa nikilizungusha hilo kichwani tangu jioni. Masomo ya msingi ya bure yalianza Januari 2003, na kila mtu aliyekuwa na akili timamu alishangilia, mimi nikiwa mmoja wa waliorudi darasani kwa ajili yake. Mlezi wa zamani akawa mwanafunzi, mama akatoka kutafuta riziki mjini au shamba la mtu, na katikati yao akabaki mtoto wa mwaka mmoja. Runinga ilikuta nafasi iko wazi.

Kadogo anarudi Kitale na mimi. Mamake hakusema tena neno, ila amenipa kamba tatu za vifuniko vya chupa alivyovitoboa mwenyewe kwa msumari, nizipeleke deikea.

Jumatano, 21 Agosti. Kitale

Deni lake limebaki 1,200. Leo nimeketi kwa Mama Deikea baada ya watoto kuchukuliwa, na badala ya kuzungumza juu ya runinga tumezungumza juu ya hesabu. Hana daftari, kichwa chake ndicho daftari.

Kila mtoto ni shilingi 60 kwa siku. Wakija kumi na saba na wote wakalipa, ni 1,020. Hawalipi wote, mvua ikinyesha anayefua nguo za watu harudi na kitu, na mtoto utamfukuzaje? Toa kodi ya chumba, unga wa wimbi, sukari, makaa, maji ya mtungi, tokeni za stima. Kinachobaki siku nzuri ni cha mtu mmoja. Msaidizi, msichana aliyemaliza kidato cha nne, hatakubali chini ya 300 kwa siku, yaani 7,800 kwa mwezi. Runinga aliinunua 11,500, mara moja, na haijamwomba tena mpaka hizo taa zilipoungua.

Niliposikia namba hizo nilielewa kwa nini mahubiri ya kuzima hayashiki. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya hauishii kwenye kioo. Unasema mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea apate dakika 180 za kujongea kila siku, asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, alale vya kutosha, na anapokaa awepo mtu wa kumsomea na kumsimulia hadithi. Miguu thelathini na minne ijongee dakika 180 kwenye chumba cha kumi kwa kumi chenye jiko mlangoni! Runinga ndiyo inayowaketisha ili wasiungue. Ukiizima, umemwachia mwanamke mmoja matatizo yote ambayo ilikuwa inayaficha.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto, vyote ndani ya kifungu kimoja. Nilisomea ufundi, kwa hiyo kipande kimoja cha kifungu hicho kinanihusu tangu zamani. Kipande cha chekechea kila mwanasiasa anakijua, kina majengo ya kuzindua. Kile cha mwisho sijasikia kikitajwa kwenye mkutano wowote wa kampeni.

Tukapiga hesabu ya mwisho: shilingi 20 zaidi kwa kila mtoto, mara kumi na saba, ni 340. Msaidizi amepatikana, na arobaini inabaki.

"Sema wewe," akaniambia. "Nikisema mimi wataona nataka faida."

Jumamosi, 24 Agosti

Wazazi tumekutana saa kumi na mbili jioni kibarazani kwa Mama Deikea, wengi wamesimama na mizigo yao ya sokoni. Wanaume tulikuwa wawili tu, mimi na askari mmoja wa lango la usiku aliyekuwa anakimbilia zamu.

Nilikosea njia ya kuanza: nilianza na utafiti. Hapana, nisijidhulumu: waliusikiliza, na muuza mboga mmoja akasema jambo ambalo halimo katika karatasi za mamake Kadogo. Mwanawe ana miaka mitatu, anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza safi cha runinga, na hawezi kumwambia tumbo linamuuma. "Alilia usiku mzima nikimpa maji."

Mwingine alimjibu kwa hasira. Yeye ana wawili hapa, anafua nguo kwa 250 siku akipata, na arobaini zaidi kwake ni sukuma wiki ya jioni. "Mimi nataka nikirudi niwakute wazima. Kama katuni ndiyo inawaweka mbali na jiko, wawekwe katuni." Hakuna aliyeweza kumbishia. Mimi nilijaribu, nikaacha katikati.

Yule askari wa lango ndiye aliyekata shauri, kwa sababu alikuwa na haraka. Wenye mtoto mmoja watoe 25. Wenye wawili wasiongeze kitu. Atakayeshindwa aje Jumamosi moja kwa mwezi afue leso na magodoro. Msaidizi aanze na nusu siku, asubuhi, kwa 200, mpaka ionekane pesa zinaingia. Runinga iwashwe mchana wakati Mama Deikea anapopika na kulisha, kwa ajili ya wakubwa, Akili na si zile nyimbo za kurukaruka. Wadogo walale upande wa pili. Ikifika saa nane izimwe.

"Na filamu zangu?" akauliza Mama Deikea.

Zikapitishwa kwa kura, Jumapili, mlango ukiwa umefungwa.

Kumi na mmoja wamekubali 25. Wawili wamesema watafikiria. Mmoja hakuja na hapokei simu.

Jumatatu, 26 Agosti

Shule zimefunguliwa, wasichana wetu watatu wamerudi darasani, na msaidizi ameanza. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza shule mwaka juzi, mkali kidogo wa macho. Nilipomwacha Kadogo, msaidizi alikuwa ameshavifunga vile vifuniko vya chupa kwenye mlango na anawauliza watoto mmoja mmoja nani amegonga. Waliojibu ni wachache. Mvulana wa rimoti alikuwa ameketi chini ya runinga iliyozimwa, anangoja, na sidhani ataacha kungoja wiki hii.

Mamake amepiga simu kabla ya zamu. Ameandika tena barua ya kuomba uhamisho wa kuja Kitale, ya awali haikujibiwa. Ameuliza runinga iliwaka kwa saa ngapi leo. Nikamwambia iliwaka kwa saa mbili, maana mvua ilinyesha na jiko likaingizwa ndani. Alitaka kusema kitu, akauliza kama mtoto amekula.

Deni limebaki 900. Nimemwambia Mama Deikea mia nne kati ya hizo tununue nondo na vyuma vya kuipandisha runinga juu ukutani, na soketi niihamishe pamoja nayo. Ilipo sasa iko chini mno, na waya wake unapita pale wanapolala wadogo. Nitaenda Jumapili asubuhi, kabla ya filamu.